Karatasi ya Mgomba

Kama kuna kazi ngumu kumweleza mama mzazi, basi ni ile ya Bi Nyuzi. Mwalimu hufundisha, mwashi hujenga, mkunga huzalisha, na mazungumzo huendelea kwa amani. Bi Nyuzi akiulizwa alikuwa akijibu kwamba anachunguza kuta za seli za mimea, na hapo hapo mazungumzo yanakata roho. Mama yake, ambaye hakuzoea kuona mazungumzo yakifa mbele yake, alijiamulia kuwaambia majirani kwamba binti yake ni mtaalamu wa kuta. Majirani wakaridhika. Jirani mmoja aliwahi hata kumwita aje atazame ufa wa jikoni kwake, na Bi Nyuzi, kwa kuogopa kumwaibisha mama, alikwenda, akautazama, akasema ni ufa kweli.

Jina hilo la Bi Nyuzi alipewa kazini, na lilimkaa vizuri kuliko lile la kwenye kitambulisho. Alifanya kazi katika taasisi ya utafiti, kwenye jengo refu lisilo na ghorofa nyuma ya karakana ya magari, na chumba chake kilikuwa cha mwisho kwenye korido. Ndani mlikuwa na meza ya saruji iliyobandikwa vigae vyeupe, sinki mbili, moja ikivuja, jokofu lililoguna kama mgonjwa, masufuria makubwa ya kuchemshia, na dirishani, kwenye mwanga mzuri, hadubini iliyofunikwa kwa foronya. Foronya ilishonwa na mama. Ilikuwa na maua. Chumba kizima kilinuka soda kali, ile ya kutengenezea sabuni, na majani yaliyochemshwa, wenzake walipopita walishika pua, naye mwenyewe hakuwa na habari. Pua yake ilisalimu amri zamani.

Alichokuwa akikichunguza ni shina la mgomba. Mgomba ukishatoa mkungu wake hukatwa, na shina huachwa shambani lioze. Tunaliita shina kwa heshima tu, maana mti haumo. Ni majani yaliyokumbatiana, jani juu ya jani, mpaka yakasimama. Ndani yake kila seli, kile kijumba kidogo ambacho mmea mzima umejengwa kwacho, ina ukuta wake. Ukuta huo una nyuzi za selulosi, ambazo ndizo zenye nguvu, una lignini inayozigandisha zikawa ngumu, na una pektini, gundi inayoshikamanisha seli na jirani yake. Ukijua kuiondoa gundi na lignini bila kuzijeruhi nyuzi, unabaki na rojo, na rojo ukilitandaza likakauka unapata karatasi.

Hayo Bi Nyuzi aliyajua kama anavyoijua njia ya nyumbani. Alimjua pia adui yake. Katikati ya nyuzi nzuri, mgomba umejaa seli laini, nene, zilizoumbwa kwa ajili ya kutunza maji, na hata ukizichemsha vipi, zikiingia kwenye rojo huyang'ang'ania maji yake na kukataa kuyaachia. Mezani kwake hilo halikuwa tatizo kubwa, kwa sababu karatasi ilikauka polepole, yeye akiwa ameketi pembeni akiisubiri. Kiwandani hakuna polepole.

Kiwanda chenyewe kilikuwa upande wa pili wa mji, kikitengeneza karatasi ngumu za makasha. Kilitumia rojo la msonobari lililoletwa kwa meli kutoka mbali, na meneja wake alikuwa amechoka kulisubiri bandarini. Migomba alikuwa anaiona kila akisafiri, imekatwa na kulazwa chini, haina kazi. Ndipo akapiga simu taasisi kuuliza kama kweli kuna mtu huko anayetengeneza karatasi kwa mashina ya migomba, au ni maneno ya watu tu.

Mkurugenzi wa taasisi alikuwa mwanamume mpole, mwenye sauti ya chini, na alikuwa na tabia ya kupangusa miwani kila alipotaka kusema jambo baya. Asubuhi ile alipomwita Bi Nyuzi ofisini aliipangusa mpaka ikakaribia kuvunjika. Alimweleza kwamba kitengo cha mbegu kimekua, hakina pa kuweka makabati yake, na kile chumba cha mwisho kwenye korido kinatamaniwa. Amekitetea kadiri alivyoweza. Sasa basi, kiwanda kikilikubali rojo la mgomba na kutia saini, chumba ni cha Bi Nyuzi na hakuna wa kukigusa. Kisipokubali, chumba kitakwenda kwa watu wa mbegu. Bi Nyuzi alisema ameelewa. Alirudi chumbani kwake, akaketi kwenye kigoda chake mbele ya hadubini, akagundua kwamba alikuwa ameishika foronya kwa mikono miwili kama mtu anayeng'ang'ania mzigo wake kituoni.

Alifanya kazi kufa na kupona. Alipunguza soda, akaongeza muda wa kuchemsha, akachuja, akasuuza, akachuja tena ili zile seli laini zipungue. Mdogo wake, ambaye alikuwa seremala na ambaye ndiye aliyemletea mashina kwa mkokoteni kutoka shambani kwa mama, alikuwa akimtania kwamba wao wawili wamegawana kazi vizuri: yeye anaujua mti kwa nje, dada anaujua kwa ndani, na wote wawili hakuna hata mmoja aliyewahi kutajirika. Mama alisema afadhali hata huyo wa nje, viti vyake vinakalika.

Siku ya majaribio ilipofika, mapipa ya rojo yalipakiwa kwenye lori na Bi Nyuzi akapanda mbele na dereva, koti lake jeupe amelikunja magotini.

Mtambo wa karatasi ni kitu kirefu. Unaanza na upande wa maji, ambako rojo jembamba kama uji wa mgonjwa linamwagwa juu ya wavu unaokimbia. Maji yanachuruzika chini, nyuzi zinabaki juu zikishikana. Kisha utando ule mbichi unaruka kutoka kwenye wavu kwenda kwenye blanketi zinazoukamua, na kutoka hapo unazunguka mitungi ya chuma yenye moto mpaka unatokea upande mkavu ukiwa karatasi. Pale unaporuka ndipo pa hatari. Ukiwa bado umeshiba maji, unakatika.

Mtambo huo ulikuwa chini ya fundi mmoja ambaye kiwanda kizima kilimwita Mzee Mtambo. Walianza kazi pamoja, mtambo ukiwa na rangi na yeye akiwa na nywele. Sasa vyote viwili vilikuwa vimekwisha, na yeye alikuwa anakaribia kustaafu. Alimpokea Bi Nyuzi kwa adabu, akachota rojo la mgomba kwa kiganja, akalisugua kati ya vidole, akasema ni zuri, kisha akapanda kwenye jukwaa lake upande wa maji. Bi Nyuzi alitaka kumfuata. Lakini mkurugenzi alikuwa amekuja, meneja alikuwa amevaa tai, na mpiga picha alikuwa ameshachagua mahali pake upande mkavu, ambako karatasi ingetokea na ambako mwanga ulikuwa mzuri. Wakamwita. Naye akaenda, kwa sababu ukiitwa na mkurugenzi wako unakwenda, na pia, tuseme ukweli, kwa sababu hakuwahi kupigwa picha kazini hata mara moja.

Karatasi ilitoka. Ilikuwa na rangi ya majani makavu, imenyooka, haina tundu, na ilitoka, ikatoka, ikajizungusha kwenye roli bila kukatika hata mara moja. Watu wakapiga makofi. Meneja akampa mkono mkurugenzi, mkurugenzi akampa mkono Bi Nyuzi, na Bi Nyuzi akaomba ruhusa, akaenda chooni, akalia. Alinawa uso akarudi amejikaza. Mzee Mtambo akashuka kwenye jukwaa lake akitota jasho, akakata kipande kizuri kwa kisu chake na kumkabidhi kwa mikono miwili.

Kipande hicho seremala alikitengenezea fremu, na mama akakitundika sebuleni, kati ya saa ya ukutani na picha ya marehemu baba yao. Kuanzia hapo kazi ya Bi Nyuzi haikuhitaji maelezo tena. Mgeni akiingia, kabla hajaketi vizuri, mama alikuwa ameshamwonyesha kwa kidole. "Hiyo imetoka kwenye mgomba. Mgomba huu huu wa shambani kwangu. Amefanya mwanangu." Wageni walishangaa, na wale ambao hawakushangaa vya kutosha waliambiwa tena. Bi Nyuzi alijifanya kuona haya. Ukweli ni kwamba alifurahi mpaka alikuwa anasikia joto kifuani, na jioni alikuwa akichelewa kusudi kutoka jikoni ili amsikie mama akisema vile.

Tarehe ya kutia saini ikapangwa. Mkurugenzi akataka picha kubwa ya nyuzi za mgomba zilivyo ndani ya karatasi ile, ya kutundika kwenye chumba cha mikutano siku hiyo, wageni wapate kitu cha kutazama. Kwa Bi Nyuzi hiyo ilikuwa kazi ya starehe. Alikata kona ya roli lililoletwa ofisini, akailoweka, akaichemsha kidogo, akaitikisa ndani ya chupa mpaka karatasi ikarudi kuwa nyuzi zinazoelea. Akaweka tone moja kwenye kioo, akatia tone la rangi, akavua foronya na kuinama.

Aliziona nyuzi zake, nyembamba na ndefu. Aliziona zile seli laini, zimelala kama magunia matupu. Aliiona mizunguko ya mishipa ya mgomba, imejisokota kama springi ya kalamu. Wote hao ni watu wake, aliwajua hata kwa mgongo. Lakini kati yao walikuwapo wengine. Walikuwa wapana kama utepe, na kila mmoja alikuwa na mstari wa viduara vilivyopangwa vizuri, kiduara ndani ya kiduara, kama vifungo vya shati.

Mgomba hauna vifungo. Ukuta wa seli ya msonobari ndio wenye vifungo vile. Ni milango midogo ambamo maji hupita kutoka seli hadi seli, na mtu wa kazi hii akiiona hahitaji kuuliza, kama vile wewe usivyohitaji kuuliza ukimwona shangazi yako sokoni. Bi Nyuzi alijiambia chupa haikuoshwa vizuri. Aliosha kila kitu, akabadilisha maji, akakata kona nyingine. Vifungo. Akakata katikati ya roli, akakata mwisho wake. Vifungo. Wala havikuwa viwili vitatu vilivyopotea njia. Vilikuwa vingi kiasi kwamba yeye, aliyejua jinsi rojo lake lilivyong'ang'ania maji, alielewa mara moja ni nani aliyeibeba karatasi ile kutoka wavuni hadi kwenye blanketi bila kukatika. Nyuzi ndefu za msonobari ndizo zilizobeba. Migomba yake ilikuwa abiria.

Aliumia. Alirudisha foronya juu ya hadubini kama mtu anayefunika maiti, akaenda nyumbani, akamkuta mama anamwonyesha mgeni karatasi ukutani, akapita moja kwa moja chumbani akasema kichwa kinamuuma. Mama alimfuata na kikombe cha maji, akamshika paji la uso, akasema hakuna homa hapa, hapa kuna jambo. Bi Nyuzi akasema ni uchovu tu wa kazi. Mama alimtazama, hakuamini, akaacha.

Kesho yake alikwenda kiwandani kumwona Mzee Mtambo. Alimkuta amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa akitia grisi kwenye gia, akamsalimia, akaulizia hali yake na ya nyumbani, kisha akauliza alichokuja kuuliza: siku ile ya majaribio, je, kuna rojo lingine lolote lililoingia mtamboni?

Mzee Mtambo hakuelewa hata kwa nini anaulizwa. "Zaidi ya kianzio? Hakuna."

"Kianzio gani, mzee?"

"Kianzio, mama. Msonobari. Mtambo huu hauanzi na tumbo tupu. Kila rojo jipya linatanguliwa na la msonobari kidogo, mpaka karatasi ishike njia. Ndivyo nilivyofundishwa, ndivyo ninavyofundisha."

Bi Nyuzi akamuuliza ni kidogo kiasi gani. Hapo mzee alikuna shingo na kuacha alama ya grisi. Alieleza kwamba kwa kawaida ni cha mwanzo tu, halafu anaufunga mfereji wake. Lakini siku ile kila alipofunga aliona utando unatetemeka, unataka kukatika, na kule mbele kuna wakubwa, kuna mpiga picha, na yule mama wa watu amesimama na koti lake jeupe. Basi akafungua tena kidogo. Akafunga, ukatetemeka, akafungua. Mwishowe akaacha wazi.

"Nilikuwa nakusaidia," alisema. "Nilidhani unajua. Nani asiyejua kianzio?"

Hakuna aliyekidanganya kiwanda, na hilo ndilo lililokuwa chungu. Mzee hakusema kwa sababu kwake kianzio si jambo la kusemwa, kama mpishi asivyokuambia kwamba alitia maji sufuriani. Bi Nyuzi hakuuliza kwa sababu mezani kwake hakuna kitu kama hicho. Kama angesimama upande wa maji angeuona mfereji wa msonobari kwa macho yake, mweupe pe, ukiingia kwenye rojo lake la kahawia. Alikuwa amesimama upande mkavu akitabasamu.

Alipomaliza kumweleza, mzee aliweka chini kopo la grisi. "Kwa hiyo mimi ndiye niliyekuharibia."

"Hapana, mzee wangu. Mimi ndiye niliyesimama pasipofaa."

Mkurugenzi alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Miwani aliivua hata kabla hajafika katikati. Alipoanza kusema, alisema kama mtu anayetafuta mlango gizani. Kwani mchanganyiko una ubaya gani? Karatasi nyingi duniani ni mchanganyiko. Bi Nyuzi akajibu kwamba hauna ubaya wowote, ila kiwanda kinatia saini ili kiache kununua msonobari, na kikiacha, karatasi itakatika siku ya kwanza. Mkurugenzi akasema labda isikatike, labda mpaka wakati huo rojo litakuwa limeboreshwa. Bi Nyuzi akasema labda.

"Nani mwingine anajua?" mkurugenzi aliuliza.

"Mimi na Mzee Mtambo. Na sasa wewe."

Mkurugenzi alipangusa miwani. "Mimi sikulazimishi kitu," alisema. "Picha uliyoniahidi, nyuzi zisizo na vifungo unaweza kuzipata. Kiwanda kikitia saini, tunapata muda. Chumba kinabaki. Wewe fikiria."

Alifikiria, na isidhaniwe kwamba hakutamani. Bi Nyuzi hakuwa malaika. Alikwenda akapiga ile picha, ndiyo, akisogeza kioo huku na huku mpaka akapata mahali ambapo migomba ilikuwa peke yake, na picha ilikuwa nzuri ajabu. Aliiweka mezani, akaizunguka siku nzima. Alijiambia kwamba rojo ni lake kweli, kwamba amelifanyia kazi miaka yote hiyo, kwamba akipewa muda atazipunguza zile seli laini mpaka zikome. Yote hayo yalikuwa kweli. Kilichomshinda ni jambo moja dogo: kila alipojaribu kuiona ile siku ambayo msonobari utakuwa umekwisha kiwandani, na karatasi inakatika, na meneja anapanda jukwaani amekunja uso, aliyekuwa amesimama pale jukwaani kulaumiwa hakuwa yeye wala mkurugenzi. Alikuwa Mzee Mtambo na kisu chake. Wangesema amezeeka, haujui tena mtambo wake.

Akapiga moyo konde, akaenda kwa meneja mwenyewe, akamweleza yote. Alieleza kwamba kosa ni la aliyeongoza majaribio, na aliyeongoza majaribio ni yeye. Aliomba yarudiwe bila kianzio. Meneja alikunja uso, akasema anashukuru kuambiwa kabla ya saini, na kwamba atatoa nusu siku nyingine, basi.

Kabla ya siku hiyo, Mzee Mtambo alikuja taasisi. Alikuwa amenyoa ndevu na kuvaa shati lililopigwa pasi, kama anakuja kuposa. Hakusema amekuja kuhakikisha, lakini ndicho alichofuata. Bi Nyuzi alivua foronya, akamwekea kioo, akampisha kwenye kigoda. Mzee aliinama, akafumba jicho moja, akafumba la pili, akasema anaona nyasi nyeusi. Bi Nyuzi akamwambia hizo ni kope zako, mzee, sogea nyuma kidogo. Akasogea. Sasa akaziona.

"Hivyo vyenye vifungo ni vyangu?"

"Ni vyako."

"Na hivi vilivyojikunja?"

"Vyangu."

"Wako wengi ni wanene," alisema, bado ameinama, "wanakunywa sana maji." Bi Nyuzi akacheka kwa mara ya kwanza tangu siku ile, kwa sababu ndivyo walivyo hasa.

Mara ya pili hapakuwa na mpiga picha. Mfereji wa msonobari ulifungwa, mtambo ukasafishwa kwa maji mpaka yakatoka safi, na Bi Nyuzi akapanda jukwaani upande wa maji, akasimama bega kwa bega na Mzee Mtambo. Rojo likamwagika wavuni. Utando ukaja mzito, unang'aa kwa maji, ukafika pale pa kuruka, ukakatika. Wakasimamisha, wakasafisha, wakaanza tena, ukakatika. Mzee alipunguza mwendo mpaka mtambo ukawa unajikokota kama mtu anayekwenda kwa mkopeshaji wake, na ukakatika. Vijana wa zamu waliokuwa wakichota mabaki kwa koleo walianza kutazama saa. Meneja alikuja, akatazama, akaondoka kistaarabu.

Karibu na mwisho, rojo likiwa limebaki chini ya pipa, mwendo ukiwa wa chini kabisa, utando uliruka ukashika. Ukapita kwenye blanketi. Ukaingia kwenye mitungi ya moto. Bi Nyuzi na mzee walishuka jukwaani wakaufuata mbio, yeye akikanyaga koti lake, mpaka upande mkavu, na wakaiona ikitoka: karatasi nene, ya kukwaruza, yenye matundu huku na huku, urefu wa shuka la kitanda. Kisha ikakatika. Mzee Mtambo akakata kipande penye ncha iliyochanika, akakikunja kwa uangalifu, akampa.

Kiwanda hakikutia saini. Barua ya meneja ilikuwa ya heshima, ikisema milango iko wazi rojo likiwa tayari. Mkurugenzi alimsomea mwenyewe kwa sauti, na alipomaliza, miwani ilikuwa usoni. Hakuwa na jambo baya zaidi la kusema. Watu wa mbegu walihamia na makabati yao, wakafungua madirisha yote ili harufu itoke, na hawakukosea. Masufuria yalikwenda stoo. Hadubini ilipewa meza ndogo kwenye korido, karibu na kisanduku cha umeme, ambako lori likipita karakana picha yote inatetemeka. Bi Nyuzi alijizoeza kunyanyua kichwa, kusubiri lori lipite, na kuinama tena. Kazi aliendelea nayo. Mashina ya mgomba hayakujua kwamba chumba kimechukuliwa.

Kilichobaki ni sebuleni. Aliahirisha siku baada ya siku, akiona vibaya kila mama alipoinua kidole kumwonyesha mgeni ukutani, mpaka siku moja, baada ya mgeni mmoja kuondoka, akashindwa. Mdogo wake alikuwapo, amekuja kukaza mguu wa meza. Bi Nyuzi alikaa kwenye mkeka karibu na kiti cha mama na kumweleza yote: msonobari, vifungo, kianzio, majaribio ya pili, barua, chumba. Alimwambia kwamba ile karatasi aliyoitundika si ya mgomba. Ni ya mgomba kidogo.

Mama aliitazama karatasi ukutani, pamoja na saa na picha ya marehemu. "Ndiyo ile homa niliyoitafuta kwenye paji la uso," alisema. Kisha akauliza: "Na ile ya kwako mwenyewe iko wapi?"

Bi Nyuzi akasema hiyo haifai kuonyeshwa. Mama akanyoosha mkono, akauacha hewani. Bi Nyuzi akainuka, akaenda chumbani, akaileta kutoka chini ya godoro, alikokuwa ameilaza inyooke. Mama aliitandaza magotini. Aliipapasa kwa kidole gumba, akaishika juu kwenye mwanga wa dirisha, na mwanga ukapenya kwenye matundu ukamwangukia usoni. Akainusa.

"Hii inanuka mgomba," alisema. "Ile nilikuwa nashangaa mbona hainuki." Akamgeukia seremala. "Mtoe huyo mgeni, umweke mwenye nyumba."

Seremala alisema hii imechanika upande, kwenye fremu ile haitakaa sawasawa. Mama akamuuliza kama yeye ni seremala au si seremala. Akaishusha fremu, akang'oa misumari ya nyuma kwa ncha ya bisibisi, akatoa karatasi ile nzuri iliyonyooka. Mama aliipokea, akaitandika kwenye droo ya vijiko, ikakaa vizuri sana.

Wageni bado wanakuja, na mama bado hawaachi waketi kabla ya kuwaonyesha. Baadhi yao huuliza kwa nini mtu atie kwenye fremu kitu chenye matundu, kilichochanika.

"Imechanika, ndiyo," mama huwaambia. "Lakini ni ya kwake yote."